Waliobaki Hawakubaki Nyuma

Muulize mwanafunzi wa sekondari hapa Bariadi binadamu alianzia wapi, atakujibu bila kusita: Afrika. Muulize tena ni wapi binadamu huyo alianza kujipamba, kuunda zana za kifundi na kufikiri kama tunavyofikiri leo, na jibu litahamia Ulaya. Watu wazima wengi nao wanaamini hivyo hivyo. Kwao historia ya binadamu ni kwamba tulizaliwa huku, tukaenda kuerevukia huko. Wajasiri waliondoka, wakaingia nchi ya Waneanderthal, binadamu wa kale wa jamii nyingine, na kuwashinda kwa akili. Wengine wakabaki walivyo. Imani hiyo ni potofu, na ushahidi wa kuivunja umezikwa jirani yetu kabisa, kando ya Ziwa Eyasi, ziwa linalopakana na wilaya yetu ya Meatu.

Tuanze na huko Ulaya, maana ndiko imani hii inakotafutia nguvu. Waneanderthal waliishi Ulaya na Asia ya magharibi kwa mamia ya maelfu ya miaka. Walikuwa wawindaji hodari, wanaotumia moto na wanaoijua baridi. Watu wa jamii yetu walipoingia kwenye nchi zao hawakuingia mara moja wakashinda. Katika pango la Misliya, Israeli, limepatikana taya la mtu wa jamii yetu lenye umri wa kati ya miaka 177,000 na 194,000. Skhul na Qafzeh, huko huko Israeli, watu wetu walizika wafu wao kati ya miaka 120,000 na 90,000 iliyopita. Kisha dalili zao zinapotea, na baadaye Waneanderthal wanaonekana tena katika eneo hilo.

Ufaransa nako mambo yalikuwa hayo hayo. Mwaka 2022 wachimbaji wa pango la Mandrin, katika bonde la mto Rhône, walitangaza jino la maziwa la mtoto wa jamii yetu, lenye umri wa miaka ipatayo 54,000. Juu ya tabaka hilo yako mabaki ya Waneanderthal waliorudi kukaa pale pale. Ni baadaye, miaka ipatayo 45,000 iliyopita, ndipo tunawakuta watu wetu Bacho Kiro, Bulgaria, na Ranis, Ujerumani. Vinasaba vya watu wa Bacho Kiro vinaonyesha kwamba vizazi vichache tu kabla yao walikuwa wamezaa na Waneanderthal. Kwa hiyo habari yenyewe ni ya watu waliokwenda, wakashindwa, wakarudia, wakaoana na wenyeji. Ngano ya shujaa aliyefika Ulaya akaamka na akili mpya haina mashiko.

Sasa tuangalie mzigo waliobeba. Bacho Kiro wachimbaji walikuta vidani vilivyotengenezwa kwa meno ya dubu, na wengi wakavitaja kuwa dalili ya akili ya kisasa. Sawa. Lakini nenda kwenye mwamba wa Mumba, kando ya Eyasi, alikochimba Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit katika miaka ya 1930, na Michael Mehlman akachimba tena katika miaka ya 1970. Katika matabaka yenye umri wa miaka ipatayo 50,000 kuna vijembe vidogo vya mawe vilivyochongwa upande mmoja ukawa butu ili vipachikwe kwenye mpini. Kuna vipande vya obsidiani, kioo cheusi cha volkano, vilivyotoka upande wa Naivasha, Kenya, karibu kilomita 300 kutoka hapo. Na kuna shanga za ganda la yai la mbuni.

Shanga hiyo inahitaji subira. Unavunja ganda vipande vidogo. Unatoboa kila kipande katikati kwa ncha ya jiwe, polepole, maana ukikandamiza kinapasuka na kazi yote imeharibika. Kisha unasaga kingo mpaka kipande kiwe duara, ndipo utunge kwenye uzi pamoja na vingine. Hakuna anayeshiba kwa shanga wala kujikinga nayo simba. Mtu anaivaa ili wenzake wamtambue. Huko Kisese, Kondoa, nako zimepatikana shanga za aina hiyo zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mwaka 2022 watafiti waliolinganisha shanga zaidi ya 1,500 kutoka Afrika ya mashariki na ya kusini walionyesha kwamba mtindo wake ulifanana kwa maelfu ya kilomita. Mtu aliyesaga shanga Eyasi hakuwa akisubiri habari kutoka Ulaya.

Atakayebisha atasema Olduvai tunaijua vizuri. Tunaijua nusu. Tunajivunia Zinjanthropus, fuvu lililopatikana Olduvai mwaka 1959, na nyayo za Laetoli za miaka zaidi ya milioni 3, kisha tunaruka hadi ujio wa Wabantu na wakoloni, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu. Ni wangapi wanajua kwamba Laetoli hiyo hiyo, mahali paitwapo Ngaloba, mwaka 1976 lilipatikana fuvu linalokadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100,000? Na fuvu alilolipata Kohl-Larsen Eyasi mwaka 1935 wataalamu wa Ulaya walilitenga kwa jina la Africanthropus njarasensis, kana kwamba ni jamii nyingine kabisa ya viumbe. Jina hilo sayansi imeshaliacha. Dharau iliyolizaa bado tunayo sisi wenyewe.

Wapo pia wanaoigeuza imani hii wakajivunia kwamba Mwafrika ni damu safi isiyochanganyika na Neanderthal. Nao wamekosea. Utafiti wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba Waafrika wana kiasi kidogo cha urithi huo, yapata asilimia 0.3, kwa sababu baadhi ya waliotoka walirudi. Luxmanda, mkoani Manyara, mifupa ya mtu aliyeishi miaka 3,100 iliyopita katika jamii ya wafugaji ilionyesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya asili yake inahusiana na watu wa kale wa Mashariki ya Kati. Watu walitoka na watu waliingia, na nchi hii haikuwahi kulala.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu linaumiza watu walio hai. Wahadzabe wa Meatu wanaitwa watu wa kale, na watalii wanaletwa kuwatazama kama mabaki, wakati ni raia wa leo wenye haki ya ardhi na shule. Kijana wa Kisukuma naye anakua akiamini kwamba akili ni kitu cha kufuata ng'ambo.

Walimu wa historia, fundisheni Mumba na Ngaloba kwa uzito ule ule mnaompa Zinjanthropus. Shule zinazokodi mabasi kwenda kuona simba Serengeti zipitie pia makumbusho ya Olduvai. Halmashauri za Bariadi, Itilima na Meatu, kabla ya kuruhusu mwamba upasuliwe kokoto, waiteni wataalamu wa Mambo ya Kale na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wautazame; Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu mwaka 1964. Waliokwenda kukutana na Waneanderthal walikuwa ndugu wa waliobaki, na ujuzi waliosafiri nao ulikuwa wa nyumbani.