Afande wa kila kijiwe

Jenerali David Musuguri alipofariki Oktoba 2024, akiwa na umri wa miaka 104, magazeti yalijaa habari zake, na ilikuwa haki yake. Aliingia jeshi la mkoloni, KAR, mwaka 1942, akapigana Madagaska, akaiongoza Divisheni ya 20 kuingia Uganda, kisha akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Jenerali hakosi wa kumwandika. Mimi leo nina sajini.

Tumemzika majuzi hapa Karatu, shambani kwake, nyuma ya migomba. Familia haitaki jina lake gazetini na mimi nimeheshimu. Kanisani ulisomwa wasifu wa marehemu: kuzaliwa, kujiunga na jeshi, kozi, Vita vya Kagera, nishani, kustaafu, watoto, wajukuu. Karatasi moja, upande mmoja. Kwa wasifu ule, mgeni asingeelewa kwa nini madereva wa watalii waliegesha magari yao kando ya barabara siku ya kazi, wala kwa nini mama muuza chai wa stendi alifunga banda.

Mzee huyu alikuwa mtu wa watu. Asubuhi ungemkuta kwenye banda la chai, saa nne yuko duka la mbegu, jioni anacheza bao na vijana wa bodaboda na kuwaibia kete waziwazi. Karatu ni mji wa kupita: anayekwenda Kreta ya Ngorongoro hujaza mafuta hapa kabla ya kulikabili lango la Lodoare, na vitunguu vya Mang'ola hupita hapa vikielekea Arusha. Yeye hakukubali mtu apite tu. Kwa Mmaasai alianza na "Sopa". Mhadzabe aliyepanda kutoka Eyasi alipata "Mtana" yake. Wadatoga aliwaulizia mifugo kwanza, watu baadaye, kwa mpangilio wanaoupenda wenyewe. Sisi Wairaqw wenzake tulibaki kulalamika kwamba anatusalimia kwa kifupi.

Watu wanasema jeshi lilimpa nidhamu. Sikubali. Nidhamu alitoka nayo kwa mama yake, na mama wa Kiiraqw wa zamani hakuhitaji msaada wa koplo. Jeshi lilimpa kitu kingine.

Babu zetu walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa la udongo likalingana na ardhi, ili Wamaasai wakija kuteka ng'ombe wasione makazi. Watoto tulikua na hadithi hizo, na hofu yake tuliinywa pamoja na maziwa. Yeye pia. Halafu akafika depo, akapewa kitanda cha juu, na cha chini akapewa kijana wa Kimaasai kutoka Endulen ambaye naye alikuwa amekua na hadithi zake kuhusu sisi. Wiki za kwanza kila mmoja alilala na buti zake chini ya mto. Mwisho wa mafunzo walikuwa wakitumia kopo moja la kiwi ya viatu.

Pamoja walikuwa Kagera. Amin alipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likalipuliwa, jeshi lilipanuka kwa haraka. Mgambo kwa maelfu waliingizwa, wakulima kwa wafugaji, na wenye uzoefu ndio walioishi nao mahandakini. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Vita hivyo hakuvisimulia sana. Ukimchokoza alikueleza mvua, matope, na Mmakonde mmoja aliyeweza kupika ugali mahali ambapo hata moshi ulikatazwa. Namna gani? Alicheka tu.

Si kila mstaafu yuko hivyo. Tunao wanaowapigisha kwata watoto wa jirani, na wengine wanaodhani kijiji ni kombania iliyokosa kamanda. Yeye ng'ombe walipoingia kwenye mahindi ya mtu, watu wakashika fimbo, alifika akikokota ndala na kumuuliza mwenye ng'ombe kama baba yake amepona mguu. Ugomvi ulipoa kwa sababu alimjua kweli huyo baba, na mguu wenyewe. Fidia ililipwa baadaye, palepale banda la chai.

Rafiki yake wa Endulen ni mmoja wa waliohama Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni, katika uhamaji ulioanza Juni 2022. Safu hii imeshasema yake kuhusu jambo hilo na leo sirudii. Sajini alimsindikiza hadi kwenye gari, na kwa kuwa nyumba za kule zilijengwa na JKT, alimwonya: "Usilalamikie plasta, ni vijana wetu hao."

Mmaasai huyo alikuja mazikoni, safari ya mabasi kadhaa. Hakuwa kwenye ratiba. Mshereheshaji alijaribu kumzuia, akasukumwa kando kwa adabu. Alizungumza Kiswahili cha kambini, kile kisicho na kabila, hadi padri akatazama saa mara mbili. Nilichoandika hapa kuhusu depo nimekisikia kwake. Mjane alisema naye alikuwa anakisikia kwa mara ya kwanza.

Hapo ndipo ninapolalamika. Kila tarehe 25 Julai taifa linawakumbuka mashujaa, na waliolala kwenye makaburi ya Kaboya wanastahili kila ua. Lakini waliorudi wanazeeka kwenye kata zetu, Rhotia, Mbulumbulu, Endabash, na tunawaita "Afande" kama utani. Tukiwauliza, tunawauliza bunduki.

Shule za sekondari zipo, na simu za kurekodia kila mtu anazo. Ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya haitashindwa kuwaelekeza walimu kwa wastaafu walio hai. Mwalimu wa historia awatume wanafunzi wawili wawili kabla ya Julai. Tarehe za vita waziache, zipo vitabuni. Waanze na kitanda: nani alilala chini, alitoka wapi, na ilichukua muda gani kabla ya kuazimana kiwi.