MGENI ALIKUJA, LAKINI MISUMENO BADO NI BUTU



Jumamosi mbili zilizopita klabu yetu ya useremala ilipata mgeni. Alikuwa fundi mzee aliyestaafu kazi ya kutengeneza mabehewa, naye alikuja kwa nauli yake mwenyewe kutuonyesha jinsi ya kunoa msumeno. Chumba kilijaa hata wengine wakasimama dirishani. Tulimpigia makofi, tukanywa chai, tukamshukuru, naye akaenda zake. Jumamosi iliyofuata tulitoa misumeno ya klabu sandukuni ili tukate mbao za kabati. Ilikuwa butu vile vile.

Hatuandiki haya kwa kumtukana mtu, maana sisi wenyewe wa kamati tulikuwa miongoni mwa wale waliopiga makofi.

Kwa faida ya ambao hawakuwapo, mafundisho ya mzee yalikuwa haya. Msumeno hubanwa kwenye jiriwa katikati ya vipande viwili vya mbao, meno yakitokeza kidogo tu, ili usitetemeke. Kwanza tupa bapa hupitishwa juu ya meno yote mpaka yawe na kimo kimoja. Kisha meno hupindwa kidogo, moja kulia na moja kushoto, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko bamba la msumeno, usije ukakwama. Mwisho huja tupa ya pembe tatu. Jino moja hunolewa, la pili huachwa, hivyo hivyo mpaka mwisho. Halafu msumeno hugeuzwa, na yale yaliyoachwa hunolewa kutoka upande wa pili. Kwa msumeno wa kupasulia mbao kwa urefu, tupa hukaa mraba. Kwa ule wa kukatia mbao kwa kukingama, tupa hukaa mshazari, ili kila jino lipate ncha kali kama kisu.

Mzee alinyosha mkono wenye tupa mara tatu, akauliza nani atajaribu. Waliojitokeza ni watatu tu. Wengine tulimwambia, "Endelea wewe, mzee, sisi twaona." Kweli tuliona. Lakini kuona si kujua, wala mtu hajifunzi kuogelea akiwa amekaa ukingoni.

Mgeni aliyemtangulia, mchongaji kutoka Wamunyu katika Ukambani, alitupa mfano mzuri wa jambo hili. Alitukumbusha habari za Mutisya Munge wa huko kwao, aliyekwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya kwanza (1914-1918), akakutana na wachongaji wa Kizaramo. Hakurudi na hadithi tu ya mambo aliyoyaona. Alirudi na kazi mikononi, akachonga, na jirani zake wakaishika kwake. Kutokana na mbegu hiyo vijiji vizima vilipata riziki, na mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba walianzisha ushirika wao huko Changamwe, Mombasa. Twaomba kila mwanachama alifikiri jambo hilo.

Mchongaji huyo alitufundisha pia habari ya miti. Muhugu, mti uliopendwa sana na wachongaji, umekatwa mno hata umekuwa adimu, na sasa wengi huchonga mwarobaini na mwembe. Lakini miti hii ikikaushwa kwa haraka hupasuka, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni. Dawa yake ni kupaka nta au rangi kwenye ncha, na kuuweka mti kivulini ukauke polepole. Na hapo pia tulitikisa vichwa tu. Kile kigogo cha mwembe alichotuachia tulikiweka nje juani, na leo kina ufa unaoingia kidole.

Wako wanachama wanaouliza kwa nini chama cha wafanyakazi kishughulike na randa na patasi, hali kazi yake ni mishahara. Swali hili ni la haki. Jibu letu ni kwamba mshahara tutaupigania siku zote, lakini mshahara una mwisho. Mwaka 2006, reli ilipokodishwa kwa kampuni ya binafsi, wafanyakazi wengi walipunguzwa. Wako waliorudi nyumbani bila kujua jambo lolote ila kazi ile moja. Waliokuwa na ufundi mkononi hawakutajirika, lakini walipata la kufanya asubuhi iliyofuata. Msumeno mkali ni akiba ambayo hakuna barua ya kufutwa kazi iwezayo kuichukua.

Kwa hiyo twaleta mashauri manne mbele ya mkutano ujao:

1. Mgeni akija, nusu ya wakati aonyeshe yeye, na nusu ya pili tufanye sisi, naye akitusahihisha.

2. Nauli na chakula cha mgeni vitoke katika mchango wetu. Ni aibu mzee wa malipo ya uzeeni kutulipia elimu yetu.

3. Kila kifaa kinachotoka sandukuni kiandikwe katika daftari, na atakayekirudisha butu akinoe kwanza.

4. Wake zetu na vijana wetu waliomaliza shule wakaribishwe kwenye meza ya kazi, wasiachwe mlangoni kugawa chai.

Yule mzee amekubali kuja tena mwisho wa mwezi. Kila mtu aje na msumeno wake kutoka nyumbani, hata wenye kutu. Safari hii tusimpigie makofi mpaka tumeikata mbao mbele ya macho yake.

Umoja ni nguvu.