Mali ya Waogeleaji Ilindwe kwa Zamu

Safari ya siku moja kutoka Mlola kwenda kuogelea Tanga ni jambo jema, nayo haistahili kubezwa kuwa ni anasa. Mtoto aliyekulia katika milima ya Usambara hujifunza mengi siku anapoiona bahari kwa macho yake: kupwa na kujaa kwa maji, mikoko, matumbawe, na kazi ya mvuvi. Mtumishi wa ofisini naye hurejea kazini akiwa na nguvu mpya. Lakini safari hiyo ina swali moja ambalo aghalabu haliulizwi mpaka basi limekwisha kusimama Raskazone na vijana wameanza kuvua viatu. Swali lenyewe ni hili: nani atabaki na mali?

Yafaa swali hilo lijibiwe kabla ya kuondoka Mlola, kwa sababu mali ya safari kama hiyo si ndogo. Mwalimu kiongozi hubeba fedha ya chakula, na pengine sehemu ya malipo ya basi ambayo hulipwa wakati wa kurudi. Fedha hiyo imetoka kwa wazazi walioshusha maharage, viazi na mboga zao sokoni. Ikipotea, hasara haiwi ya mtu mmoja. Darasa zima linaweza kukwama pwani jua likizama, huku mbele yao kuna Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, na kisha kona za mlima zipatazo kilomita 33 hadi Lushoto, kabla ya kuishika njia ya Mlola.

Wengi hudhani kwamba dawa ni ujanja wa kuficha. Huyu hutia noti ndani ya soksi na soksi ndani ya kiatu, yule hufukia simu mchangani na kuweka jiwe juu yake, na mwingine hufunga fedha pindoni mwa kanga kisha akaikunja kanga hiyo juu ya mkoba. Ujanja huo una kasoro moja kubwa. Mtu anayeficha kitu ufukoni hufanya hivyo mchana kweupe, mbele ya kila aliyeketi pale, kisha akaingia majini na kuipa mali yake kisogo. Kwa desturi mwenye mali ndiye mlinzi wa kwanza wa mali yake, lakini mwogeleaji hawezi kuwa mlinzi. Basi lazima mlinzi awe mtu mwingine, na mtu huyo apangwe.

Hapo ndipo watu wa milimani wanapopaswa kukumbuka jambo wanalolijua vizuri. Mkulima ambaye shamba lake linapakana na msitu hategemei kuwaficha nyani mahindi yake. Watu huketi shambani kwa zamu, huyu akila yule anaangalia, mpaka mavuno yaingie nyumbani. Utaratibu huo huo ndio ufaao ufukoni. Kundi ligawanywe mafungu mawili. Fungu moja liogelee na fungu jingine libaki nchi kavu, kisha wabadilishane kwa saa iliyowekwa. Vitu vyote vikusanywe mahali pamoja, na walinzi wasipungue wawili, ili mmoja akiitwa au akienda haja, mwingine asiondoke.

Katika kupanga zamu hizo liko kosa la kuepukwa kwa kila hali. Mlinzi wa mali asiwe ndiye mlinzi wa waogaji. Watoto wengi wa milimani hawajui kuogelea, na anayezama mara nyingi hapigi kelele. Hutoweka kimya kimya katika dakika chache. Mwalimu mwenye jicho moja kwenye mikoba na jingine majini hana jicho kamili popote. Kwa hiyo awepo mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu vichwa tu, naye awe anajua kuogelea. Simu iliyoibiwa hununuliwa nyingine, lakini mzazi wa Mlola hawezi kurudishiwa mtoto mwingine.

Yuko pia mwizi ambaye hakuna polisi awezaye kumkamata, naye ni bahari yenyewe. Katika mwambao wa Tanga maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kupwa hadi kujaa hupita saa sita na zaidi kidogo. Siku za bamvua, yaani karibu na mwandamo wa mwezi na mwezi mpevu, tofauti ya kimo cha maji hupita meta tatu. Siku hizo maji huwa yamepwa karibu na saa nne asubuhi, nayo hujaa karibu na saa kumi alasiri. Basi lililotoka Mlola alfajiri laweza kufika maji yakiwa mbali sana, na wageni wakatandika vitu vyao kwenye mchanga mkavu wasijue kwamba mchanga huo ni njia ya bahari. Alasiri huonekana viatu vikielea, na lawama humwangukia mtu asiyehusika. Dawa yake ni rahisi. Mgeni atazame ule mstari wa majani makavu na takataka uliowekwa na maji ya jana, na vitu vyote viwekwe juu ya mstari huo. Aidha, amwulize mvuvi yeyote aliye karibu, naye atamweleza saa ya maji kujaa bila malipo.

Jambo hilo la lawama lina uzito wake. Mgeni aliyepoteza kitu hukimbilia kumshuku kijana wa pale pwani aliyepita akiuza karanga au samaki wa kukaanga. Neno "mwizi" likipaazwa mbele ya umati, kijana asiye na hatia anaweza kupigwa mpaka akafa, na kosa hilo halifutiki kwa simu kupatikana baadaye chini ya kiti cha basi. Zamu iliyopangwa vizuri humlinda mwenye mali, na vilevile humlinda mwenyeji dhidi ya shutuma za uongo. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Haifai mgeni aje mwenyeji apate balaa.

Wahenga walisema tena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya safari, mwalimu kiongozi aandike katika daftari kila kitu cha thamani kitakachobebwa na jina la mwenyewe. Zamu inapobadilika, vitu vihesabiwe mbele ya wote wawili, anayetoka na anayeingia. Kwa simu, iandikwe namba yake ya utambulisho yenye tarakimu 15, ambayo hupatikana kwa kubonyeza *#06#, kwani bila namba hiyo ni vigumu kuthibitisha polisi kwamba simu iliyopatikana ni ya fulani.

Simu ya leo yadai tahadhari zaidi kuliko saa ya mkononi au redio ya zamani. Tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, na huduma za mitandao mingine zilipofuata, simu imekuwa ndiyo mkoba wa fedha. Anayeiiba huenda asivutwe na chombo chenyewe bali na kilichomo. Kwa hiyo namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, wala isiandikwe kwenye karatasi iliyofichwa nyuma ya kava la simu. Ikipotea, mwenyewe aombe simu ya mwenzake papo hapo na kuupigia mtandao wake ili laini ifungwe, ndipo aende polisi kupata taarifa ya upotevu. Kitambulisho cha taifa chenyewe kibaki nyumbani, na namba yake yenye tarakimu 20 iandikwe katika daftari, kwa maana laini husajiliwa kwa namba hiyo na alama ya kidole, na mwenyewe ataihitaji atakapotaka kuirudisha.

Lililo bora kuliko yote ni kupunguza kinacholindwa. Pete, mikufu, kadi za benki na fedha isiyo na kazi siku hiyo havina safari ya baharini. Fedha ya pamoja igawanywe kwa watu wazima wawili au watatu, na ile ya malipo ya kurudi isishuke kabisa ufukoni. Ilipwe mapema kwa kupewa stakabadhi, au ibaki kwa mtu mzima ambaye haogelei siku hiyo. Vilivyobaki vitiwe katika ndoo yenye mfuniko. Ndoo haipitishi mchanga wala maji, huonekana kwa mbali, na si rahisi mtu kuibeba akapita nayo mbele ya walinzi wawili bila kuulizwa.

Hakuna hata moja katika haya linalohitaji fedha za ziada. Yanahitaji kikao cha nusu saa shuleni au ofisini siku moja kabla ya safari, ambapo majina ya zamu yatasomwa na daftari kufunguliwa. Kamati ya safari isiyoweza kufanya kikao hicho haijawa tayari kuwachukua watoto wa watu mpaka baharini, na mkuu wa shule ana haki, tena ana wajibu, wa kuizuia.