Acheni Mtu Acheze Peke Yake

Wiki hii naomba niseme jambo ambalo wengine watalicheka, na wakicheka sawa tu. Naona kambini tumeletewa michezo mingi ya kucheza pamoja, na wa kucheza peke yako karibu haupo. Mimi nadhani huo ni upungufu. Sisemi mpira uondolewe, wala ngoma, wala maigizo. Nasema paongezwe meza moja.

Kwanza nieleze ninautetea mchezo gani, maana ukisema "mchezo wa mtu mmoja" watu wanafikiria gemu za simu. Huu ni wa karatasi. Unaitwa Star Smuggler. Aliutunga Dennis Sustare na ulitoka Marekani mwaka 1982, chini ya kampuni ndogo iliyoitwa Dwarfstar. Kampuni hiyo haipo tena siku nyingi, lakini walioshika haki za michezo yake wameruhusu watu waipakue bure kwenye intaneti. Ndiyo njia iliyoufikisha hapa Nyarugusu. Ipo michezo mikubwa ya siku hizi ya namna hiyo hiyo, kama ISS Vanguard ya kampuni ya Awaken Realms ya Poland, inakuja kwenye boksi zito na bei yake inazidi dola 100. Hiyo tuwaachie wenyewe. Huu wetu unatolewa stesheneri kwa wino mweusi tu, halafu vile vipande vya sayari unavigandisha kwa gundi kwenye karatasi ngumu ya boksi la mafuta ya kula, unakata na mkasi, basi.

Ukicheza unakuwa nahodha, jina lake Duke Springer. Ana chombo cha anga kinaitwa Antelope, ni kama kusema swala au paa. Shida ni kwamba chombo hicho bado anadaiwa. Kwa hiyo anazunguka kwenye nyota, ananunua mzigo huku na kuuza kule, anaajiri watu na lazima awalipe, ananunua nishati ya kuruka toka nyota moja mpaka nyingine, na muda wote huo deni linamngoja. Akilimaliza ameshinda. Mpinzani hakuna, au tuseme mpinzani ni kitabu. Unafika mahali, unarusha dadu, zinakutuma kwenye namba fulani ya kitabu cha matukio, unafungua unasoma kilichokukuta. Unaamua: ulipe, ukimbie, upigane, uongee naye vizuri. Uamuzi wako unakupeleka kwenye namba nyingine. Giza likiingia unaandika kwenye kaunta buku pesa iliyobaki, mzigo uliopo, nani mgonjwa, uko sayari gani. Unafunga. Kesho unaendelea pale pale.

Hapo kwenye "kesho unaendelea pale pale" ndipo hoja yangu ilipo.

Drafti naipenda. Bao naipenda, na karata wazee wetu wanacheza vizuri kuliko sisi. Lakini drafti ikiisha imeisha. Vizibo vinarudi kwenye mfuko na kesho mnaanza sifuri, kama vile jana haikuwepo. Na siku zetu hapa ndivyo zilivyo tayari. Kambi hii ilifunguliwa 1996. Wapo wenzetu waliozaliwa humu na sasa wana watoto wao. Siku ya rasheni anaipanga mwingine, kibali cha kutoka anakitoa mwingine, hata mstari wa maji umekuta umeshapangwa. Kijana wa miaka 22 akiamka asubuhi, ni uamuzi gani ataufanya leo ambao kesho ataukuta unamngoja mlangoni? Mimi nimewauliza wenzangu swali hili na wengi wanakaa kimya, halafu mmoja anasema "kuoa", wote tunacheka.

Kwenye safari ya Duke, ukitumia pesa yote kununua mzigo bila kubakiza ya nishati, kesho utakwama kwenye sayari ambayo hakuna anayetaka mzigo wako. Umekwama kwa akili yako mwenyewe. Ukibana pesa ukamwajiri fundi mzuri, siku kumi baadaye chombo kinaharibika na yeye yupo. Hiyo raha siwezi kuieleza vizuri kwa mtu ambaye maisha yake yamejaa maamuzi. Mwenye ajira, mwenye kodi ya nyumba, mwenye tiketi ya basi, yeye anacheza ili apumzike na maamuzi. Sisi tunacheza ili tuyapate.

Halafu kuna habari ya dadu zenyewe. Ukirusha dadu mbili, njia za kutokea ni 36. Saba inatokea kwa njia 6, mbili kwa njia 1 tu, na kumi na mbili vile vile kwa njia 1. Ukishajua hilo, hata dadu zikikutendea vibaya unajua umetendewa vibaya kiasi gani. Mnisamehe, lakini linganisheni na habari ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kuna familia mtaani kwetu zilikuwa zimeshagawa sufuria na magodoro kwa majirani. Hakuna aliyejua nafasi yake ilikuwa njia ngapi katika ngapi. Hakuna kitabu cha kufungua namba ukasoma kwa nini. Bahati mbaya yenye hesabu naweza kuivumilia. Inayokuja bila hesabu ndiyo inayofanya mtu alale mchana.

Sasa pingamizi, maana nimezisikia zote.

La kwanza ni la nyumbani. Mama yangu aliponikuta alisimama mlangoni akauliza, "Wee, uko unacheza na nani? Kuko mutu hapo?" Nikamwambia niko peke yangu. Akaangalia dadu. "Kumbe ni kamari?" Na si yeye tu. Dadu hapa zina jina baya, na sishangai, maana watu wamezitumia kuliana hela za rasheni. Kwa hiyo vijana wawili wa zoni yetu wameziacha kabisa, wanatumia vizibo sita vya soda vilivyoandikwa 1 mpaka 6, wanaviweka kwenye kikombe wanachomoa bila kuangalia. Inafanya kazi vizuri. Jambo moja tu: ukishachomoa cha kwanza lazima ukirudishe kabla ya kuchomoa cha pili, la sivyo hutapata namba mbili zinazofanana hata siku moja, na zile 36 zinakuwa 30. Waliokuwa wanalalamika kwamba kumi na mbili haiji, ndiyo sababu.

La pili ni la mashirika. Mfanyakazi mmoja, mtu mwema, aliniuliza kama inafaa vijana wafundishwe habari za magendo, maana jina la mchezo ndiyo hilo. Nikamjibu kwamba Duke kila anapofika kuna mtu anamtaka karatasi, na sisi hatuhitaji mchezo kutoka Marekani utufundishe habari za mtu kuombwa karatasi. Alicheka. Hakukubali, lakini alicheka.

La tatu ndilo zito. Watu wa ushauri nasaha wanaogopa kijana anayekaa peke yake, na wana haki ya kuogopa. Sisi tunaopita majumbani tumeona wanaojifungia, na tunajua namna baadhi ya mambo hayo yalivyoisha. Ila naomba tutenganishe vitu viwili. Upweke kambini upo mwingi. Faragha ndiyo hakuna. Mnalala wanane chumba kimoja, unaoga kwa foleni, unalia watu wakisikia. Mtu anaweza kuwa katikati ya watu hamsini kwenye semina, ametiki jina, amekunywa soda, na yuko peke yake kuliko Duke kule kwenye giza la nyota. Njia yangu ya kupima ni rahisi na nimeijaribu kwa wengi: mkaribie anayecheza, muulize tu "umefika wapi?" Kama anacheza kweli, jiandae, utakaa nusu saa unasikiliza habari za mzigo, na askari, na fundi aliyetoroka na pesa. Aliyejifungia hana pa kukuambia amefika. Huyo ndiye wa kupelekwa kwa mshauri, na si yule mwingine.

Mimi kwenye kituo cha vijana kazi yangu moja ni kujaza fomu ya mahudhurio. Wavulana wangapi, wasichana wangapi, wenye ulemavu wangapi, aina ya shughuli. Siku moja walikuwepo watano, kila mmoja na karatasi zake, kila mmoja sayari yake, hakuna anayeongea. Nikaandika: shughuli tano, mshiriki mmoja mmoja. Fomu ikarudi na maelekezo niandike "mchezo wa kikundi, washiriki watano". Nimeandika hivyo. Namba zote mbili zinatoa watano, lakini moja ndiyo kweli, na fomu haina mstari wake.

Naelewa kwa nini. Mfadhili anauliza umewafikia wangapi, na mpira unafikia ishirini na mbili kwa mpigo, bila kuhesabu wanaotazama. Meza ya mtu mmoja inafikia mtu mmoja. Lakini gharama yake nayo ni ya mtu mmoja: karatasi za kuchapa, kaunta buku, penseli, vizibo ambavyo ni bure. Mpira wa ngozi ukichomwa na miiba yetu hii haumalizi mwezi. Kaunta buku la kwaya tatu linabeba safari nzima, na likiisha mwenyewe hakubali litupwe. Msichana mmoja wa darasa letu la jioni anayo mawili, analala nayo chini ya mto. Alinionyesha ukurasa mmoja tu, tena kwa masharti.

Na hapa ndugu zangu wa mashirika naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu nawajua. Mkikubali hoja hii, kesho kutakuwa na mradi. Utaitwa jina refu, utakuwa na fulana, na Duke Springer atawekewa malengo: stadi za maisha, ujasiriamali, utatuzi wa migogoro. Tafadhali msifanye hivyo. Ni kweli kuna hesabu ndani yake, na kuna kusoma. Sisi tuliosoma kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, Kiingereza cha kile kitabu kimetutoa jasho, na mpaka sasa tumejifunza maneno mengi kuliko kozi ya miezi mitatu tuliyopewa vyeti. Lakini hakuna anayeuliza mpira umefundisha nini. Mtu anacheza mpira kwa sababu ni mpira. Mkianza kumpima mchezaji wa peke yake kabla na baada, atajua anaangaliwa, na hapo tena hayuko peke yake.

Tunachoomba ni kidogo. Chumba cha nyuma cha kituo kinakaa kufuli tangu mchana, ndani mna viti vilivyovunjika. Kifunguliwe saa tisa mpaka saa kumi na moja, kabla giza halijaingia, maana taa ya sola pale haifiki. Pawe na meza moja ndefu. Pawe na kanuni moja ukutani kwamba humu hakuna kumsemesha mtu mpaka ainue kichwa. Wasichana wawe na siku zao mbili, kwa sababu wameniambia wenyewe kwamba wavulana wakiwepo wanakuja kuwaelekeza namna ya kucheza, na mchezo wa kuelekezwa si wa peke yako. Na kwenye fomu muongeze mstari mmoja.

Tafsiri tunaendelea nayo watu watatu, kwa mkono. Sheria zote zimekamilika kwa Kiswahili, matukio bado, tumevuka nusu kidogo. Tulibishana sana juu ya ule mwendo wa kutoka nyota hadi nyota. Mmoja alitaka "kupaa", mwingine "safari ya kasi", mwisho tumeweka "mruko" na wote tumezoea. Pesa ya kule inaitwa Secs na tumeiacha ilivyo, kwa sababu tukiandika shilingi watu wanaanza kuuliza bei ya mafuta. Nakala zilizochapwa mpaka leo ni nne, mbili ziko mikononi mwa watu. Aliye zoni nyingine akitaka, aje na kaunta buku lake tupu na penseli jioni yoyote isipokuwa siku ya rasheni, atanakili sheria mwenyewe. Ni kurasa nyingi, aje na maji ya kunywa.