Ufunguo wa pili uko kwa nani?

Hadithi ya mauaji katika chumba kilichofungwa ikimalizika kwa kutuambia kuwa aliyeua ni roboti, basi mwandishi amemfungulia mlango mwenye hatia akaenda zake. Nalisema hili kwa uzito wote, nami ni mtu ambaye riziki yake ni vitasa na funguo hapa Darajani, Unguja. Mlango kufungwa hakuthibitishi kitu. Mteja akinijia analalamika kuwa duka limeibiwa na kufuli halina hata mkwaruzo, kufuli naliweka kando kwanza. Namuuliza kopi ya pili ya ufunguo iko kwa nani: kwa mpangaji aliyehama, kwa shemeji, au kwa fundi rangi aliyekuja kabla ya Sikukuu?

Vijana wanaokuja kuchonga funguo kibandani kwangu wanapenda hadithi za saibapanki, zile za miji ya mvua isiyokatika, ambako kampuni zina nguvu kupita serikali na roboti wamefanana na watu hadi huwatambui. Wanasimuliana kisa: tajiri amekutwa maiti ghorofa ya juu kabisa, mlango umefungwa kwa ndani, na hakuna aliyekuwa naye ila roboti wake. Nani ameua? Wengi hujibu haraka kwamba roboti ameharibika. Jibu hilo linanisumbua, na si jipya hata kidogo.

Mwaka 1841 Mmarekani Edgar Allan Poe alichapisha “The Murders in the Rue Morgue”, ambacho wengi wanakihesabu kuwa kisa cha kwanza cha chumba kilichofungwa. Mama na binti yake wameuawa Paris, ghorofani, milango imefungwa na funguo ziko ndani. Polisi wanamkamata karani wa benki. Mpelelezi Dupin anachunguza madirisha na kugundua kuwa msumari mmoja, ulioonekana umelikaza dirisha sawasawa, kumbe umekatika kwa ndani na kichwa chake kimebaki mahali pake kama kizima. Mtu wa kazi yangu hawezi kuisoma sehemu ile bila kufurahi. Lakini muuaji anatokea kuwa orangutangu kutoka Borneo, aliyemtoroka baharia aliyekuwa akimfuga. Na baharia huyo anafanywa nini? Hafanywi kitu. Anamkamata mnyama wake tena na kumuuza kwa fedha nyingi kwenye bustani ya Jardin des Plantes. Wanawake wawili wamo kaburini, mwenye mnyama amepata faida, na msomaji anafunga kitabu ameridhika.

Aliyeikataa njia hiyo, na mimi namheshimu sana kwa hilo, ni Isaac Asimov. Mwaka 1942 alikwisha kuwawekea roboti wake sheria tatu: roboti asimdhuru binadamu wala asimwache adhurike; amtii binadamu, ila amri isivunje sheria ya kwanza; ajilinde mwenyewe, mradi havunji hizo mbili. Saibapanki haikuwa na jina wakati ule. Katika “The Caves of Steel”, kitabu cha 1954, New York imefunikwa yote kwa chuma, na watu wake wanaogopa uwanja wa wazi hadi miguu inakataa kwenda. Nje ya jiji kuna makazi ya wageni kutoka sayari nyingine, na humo mwanasayansi mmoja ameuawa. Kila anayeingia langoni anapekuliwa na kuacha silaha. Binadamu angeweza kuua, lakini hawezi kuuvuka uwanja na silaha yake. Roboti angeweza kuuvuka, lakini hawezi kuua. Chumba kimefungwa kwa vitasa viwili, na hakuna hata kimoja cha chuma: kimoja ni hofu ya watu, cha pili ni sheria iliyo kichwani mwa mashine.

Mpelelezi Elijah Baley anakifungua. Roboti alitumwa kubeba silaha kuvuka uwanja bila kujua ya nini. Mkubwa wa polisi mwenyewe akapita langoni mikono mitupu, akaipokea, akaua, akairudisha kwa njia ile ile.

Kitabu kilichofuata, “The Naked Sun” cha 1957, kinakwenda mbali zaidi. Kwenye sayari ya Solaria wanaishi watu 20,000, na kila mtu ana roboti 10,000. Mtu mmoja anapewa maji yenye sumu mbele ya macho ya Baley. Roboti gani angekubali kufanya hivyo? Hakuna. Basi mmoja anaambiwa atie kitu ndani ya maji, hajui maji yatakwenda wapi. Mwingine anaambiwa ampelekee bwana maji, hajui ndani mna nini. Baley anaona ufa uliomo katika ile sheria ya kwanza: roboti hatamdhuru binadamu kwa kadiri anavyojua yeye. Ukiugawanya ujuzi, mashine zote zinabaki safi na mtu anakufa. Ufa huo kila fundi wa vitasa anaujua. Mwizi haji kibandani kusema nataka ufunguo wa kuibia. Anamtuma kijana huyu na ufunguo mmoja Jumatatu, kijana mwingine na ufunguo mwingine Alhamisi, na fundi anachonga kwa moyo mweupe.

Sisi wenyewe tulikuwa na somo hili bila roboti. Muhammed Said Abdulla wa hapa Unguja alimleta mpelelezi wake Bwana Msa katika “Mzimu wa Watu wa Kale”, kilichotoka 1960. Mtu ameuawa, maiti iko mahali pa mzimu, na hofu ya mahali pale imekwisha kuwapa watu jibu. Bwana Msa, na kiko chake, halikubali. Anatafuta binadamu mwenye sababu na nafasi ya kuua. Kila ninaposikia kwamba mashine imeamua yenyewe, naona mzimu ule ule umevalishwa nyaya.

Na haya hayakubaki vitabuni. Usiku wa Machi 18, 2018, mjini Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa likijiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani waligundua kuwa mitambo ilimwona zaidi ya sekunde tano kabla, ikawa inabadilisha mawazo: mara gari, mara baiskeli, mara kitu kingine. Waligundua pia kuwa breki ya dharura ambayo gari lilikuja nayo kutoka kiwandani ilikuwa imewekwa isifanye kazi kompyuta inapoendesha. Msimamizi aliyekaa kwenye usukani alikuwa anatazama simu, na hilo ni kosa lake. Alishtakiwa, akakiri mwaka 2023, akapewa miaka mitatu ya uangalizi. Kampuni haikushtakiwa kwa jinai. Lakini breki haikujizima. Kuna chumba cha mkutano ambamo watu waliamua izimwe, na kesi ya jinai haikufika mlangoni pa chumba hicho.

Nafunga pia vitasa vya kadi kwenye hoteli za Mji Mkongwe. Kitasa cha kadi kinaweka kumbukumbu: kadi gani imefungua, siku gani, saa ngapi. Watu wanadhani hilo limemaliza ujanja. Mimi naona limeuhamisha tu. Zamani ufunguo mkuu ulikuwa kiunoni mwa msimamizi na kila mtu aliuona. Sasa uko ndani ya mashine ya kuandikia kadi, ofisini, na mwenye mashine hiyo anaweza kutengeneza kadi ya chumba chochote. Katika dunia ya roboti jambo hili ni zito zaidi, maana roboti aliyekuwa chumbani na marehemu ndiye shahidi pekee, naye ni mali ya kampuni ambayo inaweza kuwa ndiyo mtuhumiwa. Kichwa chake kinafunguliwa kutoka mbali, usiku, bila mtu kugusa kitasa. Kitasa kizima kwa nje na kimefunguliwa kwa ndani: hapo ndipo chumba kilichofungwa cha zama hizi kilipo.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wetu wanaotaka kuandika visa hivi, na nina hamu kubwa ya kuvisoma kwa Kiswahili, watuoneshe kabla ya mauaji ni nani anaweza kubadilisha amri za roboti, kwa njia gani, na nani analipwa kunyamaza. Msomaji apewe funguo zote mkononi kama Asimov alivyompa sheria zake tatu mapema. Kisha mpelelezi aache kumhoji roboti usiku kucha. Apande lifti hadi ofisi ya mwenye roboti, aitishe orodha ya waliomgusa, na asiondoke mpaka amepewa.