Umesimamishwa kwa Simu Ambayo Hukuishika? Usikimbilie Kusema "Yaishe"

Najua wengi mnaingia hapa kutafuta habari za mbegu, dawa na bei. Kantangaze ya nyanya tutairudia wiki ijayo kama nilivyoahidi. Ila tangu mavuno yaanze kutoka shambani, nimeletewa lalamiko moja mara nyingi kiasi kwamba kulinyamazia ni kuwatupa mkono. Dereva wa kirikuu au bodaboda aliyebeba mzigo anasimamishwa na trafiki, anaambiwa "ulikuwa unaongea na simu", na yeye anaapa kwamba simu hakuigusa. Mwishowe analipa ili aondoke.

Kuna atakayeuliza afisa ugani anaingiliaje mambo ya barabarani. Naingia kwa sababu nyanya haziishii shambani. Tunahangaika miezi mitatu na kitalu, mbolea na viuatilifu, halafu sehemu nzuri ya faida inabaki njiani kwa kosa ambalo halikutendeka. Hiyo nayo ni hasara baada ya mavuno, sawa na tenga lililopondeka.

Kwanza tuwekane sawa. Simu mkononi huku unaendesha ni kosa, na ni kosa la haki. Chombo kinachokwenda kilomita 60 kwa saa kinasafiri karibu mita 17 kila sekunde. Ukiangalia ujumbe wa bei kutoka kwa dalali kwa sekunde tatu tu, umeshapita mita 50 bila kuona mbele, na kwenye mita hizo 50 anaweza kuwapo mtoto anayerudi shule. Mwenye bodaboda anayechomeka simu ndani ya kofia ngumu na kuendelea kubishana bei asitegemee nimtetee hapa. Huyo akiandikiwa, alipe.

Ninayemzungumzia ni yule ambaye hakutumia simu. Na hatuna haja ya kudhani kwamba kila askari ana nia mbaya. Askari amesimama kando ya barabara, jua linapiga kwenye kioo cha mbele, gari linakuja, naye ana sekunde moja au mbili za kutazama. Anaona mkono umepanda sikioni. Unaweza kuwa umeshika hindi la kuchoma, kipande cha muwa au daftari la mauzo, au unajikuna tu. Kwenye kirikuu kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: utingo amekaa ubavuni mwako na ndiye anayeongea na simu. Kwa mbali, kwenye kile chumba kidogo, askari anaona simu na anaona kichwa cha dereva. Kosa linakuwa lako.

Shida ni kwamba kosa hili, tofauti na taa mbovu au tairi lililokwisha, haliachi alama. Tairi utalikuta lilivyo hata kesho. Simu inabaki jicho la mtu mmoja dhidi ya neno la mwingine. Na pale barabarani anayeshinda ni asiye na haraka. Mwenye nyanya ana haraka. Mwenye maziwa ana haraka zaidi, maana maziwa ya asubuhi yasiyopozwa yakikaa juani yanakataliwa kwenye kipimo cha alkoholi pale kituo cha kukusanyia, na hakuna wa kumlalamikia.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme umebeba matenga 20, na kila tenga likifika sokoni mapema linakuachia faida ya shilingi 2,000. Safari nzima ni shilingi 40,000. Tuseme faini ya papo kwa papo kwa gari ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. (Pikipiki na bajaji zilipunguziwa kwenye bajeti ya mwaka 2021/22, kutoka 30,000 hadi 10,000.) Kwa hiyo ukilipa umebaki na 10,000. Ukibishana mpaka saa tano, bei ya soko imeshashuka na huenda usibaki na kitu. Hapo ndipo lile neno "yaishe" linapotoka mdomoni, na huo mkono unaoingia mfukoni mara nyingi hautoi faini. Unatoa "hela ya maji".

Siwezi kumcheka anayefanya hivyo, kwa sababu kwa siku ile moja hesabu yake iko sawa. Kinachonisumbua ni msimu mzima. Dereva aliyetoa mara moja anajulikana, gari lake linajulikana, na wiki ijayo atasimamishwa kwa kitu kingine. Tena hela ile haina risiti wala mwisho. Na tusisahau kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji na mpokeaji. Ukitoa, umeacha kosa la kubambikiwa na umetenda kosa la kweli.

Msimamo wangu ni huu: usikubali kosa ambalo hukulitenda, wala usitoe chochote kisicho na karatasi. Lakini pia usipoteze mzigo kwa kubishana. Hayo yote yanawezekana kwa pamoja, ila yanahitaji maandalizi kabla hujawasha chombo.

Yako yaliyompata dereva mmoja wa Marekani, jimbo la Connecticut, na nayaleta kwa sababu yanamgusa hata mkulima wa viazi. Aprili 2018 alisimamishwa na askari aliyeamini amemwona akiongea na simu. Yule bwana akasema alichokuwa nacho mdomoni ni kipande cha kiazi cha kukaanga alichonunua asubuhi ile. Faini ilikuwa dola 300. Akakataa kulipa, akaenda mahakamani, akashindwa. Akaomba kesi isikilizwe upya, akaleta rekodi za simu yake zikionyesha kwamba hakuwa na mazungumzo muda ule, na wakili wake akamkumbusha hakimu kwamba askari yule alikuwa karibu anamaliza zamu mbili mfululizo za saa 16. Aprili 2019 akaachiwa. Hakimu hakusema kwamba askari ni mwongo. Alichosema ni kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha kuwa alikuwa na simu.

Wengi wanaosikia habari hiyo wanashangilia ushindi. Mimi naangalia gharama. Alipoteza siku nne za kazi, na wakili alimla zaidi ya dola 1,000, ili kukwepa faini ya dola 300. Yeye ana mshahara na anaweza. Mama mwenye ndoo nne za maziwa hawezi. Haki inayogharimu mara tatu ya faini, kwa mtu wa kijijini, ni haki ya kwenye redio tu. Kwa hiyo sikushauri umuige yule bwana kila hatua. Nakushauri uchukue jambo moja kwake: rekodi ya simu inasema, na inasema saa.

Sasa tuje kwetu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, imeweka faini ya papo kwa papo kama njia ya anayekubali kosa kulimaliza bila kwenda mahakamani. Asiyekubali ana haki ya kupelekwa mahakamani, na Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Kwa hiyo neno "sikubali kosa hilo, afande" si ukaidi, ni sehemu ya utaratibu. Ila ujue pia upande wa pili: ukienda mahakamani ukapatikana na hatia, adhabu inaweza kuzidi ile ya barabarani. Usiende huko kwa hasira kama kweli ulikuwa umeishika.

Kabla ya safari, iweke simu mahali pamoja na usipabadilishe: ndani ya begi nyuma ya kiti, au kwa bodaboda ndani ya mfuko wa koti wenye zipu. Isiwe mapajani, isiwe juu ya dashibodi. Askari akikusimamisha na simu inatolewa kwenye begi lililofungwa, umeshasema nusu ya maneno yako bila kufungua mdomo. Anayeongoza njia kwa ramani aifunge kwenye kishikio, asiishike. Na utingo aambiwe kabisa: tukikaribia kizuizi au makazi ya watu, simu chini.

Ukisimamishwa, zima chombo na msalimie. "Shikamoo afande" haimpunguzii mtu kitu, na najua vijana wengine wanaona aibu. Kisha muulize kwa utulivu aliona nini: simu ilikuwa mkono upi, ya rangi gani, ya kitochi au simu janja? Askari aliyeona kweli atajibu bila shida. Asiyekuwa na uhakika mara nyingi hapo hapo anakurudishia leseni. Mfungulie orodha ya simu zilizopigwa na kupokelewa, mwonyeshe saa. Onyesha wewe mwenyewe, simu ikiwa mkononi mwako, maana humo ndani mna pesa zako na mambo yako ya nyumbani.

Niseme ukweli kuhusu orodha hiyo: si dawa ya kila kitu. Askari anaweza kusema ulikuwa unasoma ujumbe, si kupiga. Anaweza pia kusema umeifuta, na kweli inafutika. Rekodi iliyoko kwa kampuni ya simu ndiyo isiyofutika kwa kidole chako, lakini hiyo haipatikani pale barabarani. Hata hivyo, orodha uliyoionyesha papo hapo, bila kuombwa, ina uzito kuliko ile utakayoileta wiki ijayo.

Jambo la kupiga picha za video, mimi nakukataza. Nimeona lilivyogeuza mazungumzo ya dakika tano kuwa ugomvi wa saa mbili, na ukiirusha mitandaoni unaweza kujitafutia kesi nyingine. Kalamu na daftari vinatosha: tarehe, saa, mahali, jina au namba iliyoko kwenye sare, na alichosema ameona. Utingo aandike naye jina lake kama shahidi.

Akishikilia kukuandikia, na wewe una mzigo unaooza, mwambie: "Sikubali, lakini niandikie nipeleke mzigo." Soma kilichoandikwa. Pakiwa na mahali pa kusaini, soma kwanza kama sahihi ile inamaanisha unakubali kosa. Kisha nenda sokoni. Mzigo ukishashuka, rudi kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya na daftari lako, simu yako na shahidi wako, kabla hujalipa ile namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukishalipa, umekubali, na hakuna atakayekusikiliza tena. Usilikalie pia, kwa sababu faini ina siku zake na ikichelewa inaongezeka. Aliyeombwa hela isiyo na risiti apige TAKUKURU namba 113, haina malipo.

Mtu mmoja akienda wilayani na lalamiko la simu, ataonekana msumbufu. Ndiyo maana nawaambia viongozi wa AMCOS na vikundi vya wauza mboga: fungueni daftari moja la njiani. Kila mwanachama aliyesimamishwa aandike humo, na aliyekosa kweli aandike kwamba alikosa. Mwezi ukiisha, likionekana eneo lile lile, saa zile zile za alfajiri za mizigo, kosa lile lile lisilo na alama, hapo mwenyekiti ana cha kupeleka wilayani. Mkuu wa trafiki anayejali kazi yake atataka kukiona. Nami ningemwomba aagize jambo dogo tu: askari anapoandika kosa la simu, aandike na alichokiona, mkono gani na umbali gani. Mstari mmoja wa nyongeza ungewaokoa wengi, na ungewalinda askari waaminifu pia, ambao wapo na tunawafahamu.

Wenzetu mnaovuka Namanga na vitunguu, mkumbuke upande wa Kenya una kanuni zake. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 zinataja faini ya shilingi 2,000 za Kenya kwa dereva anayetumia simu chombo kikiwa kwenye mwendo. Kama ulikuwa umeegesha kando, sema hivyo mapema, na uwe kweli umeegesha.

Na mliokodisha vyombo kwa madereva wa msimu: faini isiyolipwa inaonekana kwenye mfumo wa polisi ukitafuta kwa namba ya usajili ya chombo. Dereva akishaondoka, deni linabaki na gari lako. Angalieni kila mwisho wa mwezi, mkiwa naye bado, ili mjue lipi alikosa na lipi alibambikiwa.