Paneli Haitaki Joto, Jamani

Wadau, leo siongelei boom wala foleni ya kantini. Nabishana na msemo niliousikia kuanzia stendi ya Mbinga mpaka Mbamba Bay, na cha ajabu naukuta hata hapa chuo kwa watu wa sayansi: eti sola inapenda joto, jua likiunguza ndio inachaji sawasawa. Si kweli. Paneli inataka mwanga. Joto ni adui yake, tena sehemu ya joto hilo inazaliwa humo humo ndani.

Iko hivi. Mwanga ukiipiga silikoni unairusha elektroni juu. Kuvuka pengo kunahitaji elektronivolti 1.1 tu, lakini mwanga wa kijani unaipa kama 2.3. Ziada inakwenda wapi? Elektroni inaimwaga kwa kuzitikisa atomu za jirani, na mtikisiko huo ndio joto lenyewe. Yote hayo ndani ya takriban sehemu moja ya trilioni ya sekunde, yaani kabla hujaifikisha kwenye waya imeshafuja! Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya hesabu ya Shockley na Queisser ya mwaka 1961, kwamba paneli ya kawaida haiwezi kuvuka karibu theluthi moja ya nishati ya jua.

Halafu ikishachemka, kila nyuzi moja juu ya 25 inakula takriban asilimia 0.4 ya nguvu. Ikifika nyuzi 65, paneli ya wati 100 inabaki na kama 84. Sasa fundi anaibana juu ya bati, hakuna hata upenyo wa upepo, na mwenye nyumba anamsifia kazi imekaa vizuri. Mimi hela yangu angeisubiri mpaka ainyanyue. Kwa mwanga ule ule, paneli ya kwenye baridi ya Umatengo itaishinda ya kule chini ufukweni Liuli.

Wapo waliotaka kuizuia elektroni isifuje, kwa kutumia nukta za kwantamu: punje za nanomita chache tu, zilizowapa Ekimov, Brus na Bawendi Nobeli ya Kemia mwaka 2023. Kwenye punje ndogo hivyo, ngazi za nishati zimeachana sana, mtikisiko mmoja wa atomu hautoshi kubeba tofauti. Ikategemewa elektroni ikwame juu, ivunwe ikiwa bado na moto wake. Wapi! Ikamrushia mzigo jirani yake tundu, ile nafasi iliyoiacha chini. Tundu ngazi zake zimesongamana, likashuka nazo haraka likitoa joto (ujanja wa mjini kabisa huu). Mwaka 2008 Pandey na Guyot-Sionnest walizivika punje maganda yanayolitenga tundu, na elektroni ikakaa juu zaidi ya nanosekunde moja. Kwa elektroni huo ni umri mrefu.

Ndiyo maana nakasirika somo hili likifundishwa kama mashairi ya kukariri kabla ya mtihani. Shule yoyote ya mwambao yenye paneli, multimita na kipimajoto inaweza kupima saa mbili asubuhi na saa saba mchana, kisha kunyanyua paneli kwa vipande vya mbao na kupima tena kesho yake. Walimu wa Mbinga na Nyasa, nani anaanza?